Jibu: Barabara kwanza au pesa kwanza?

Ndugu yangu, umeuliza kama barabara ndiyo huleta pesa au pesa ndiyo huleta barabara. Mimi nipo Lamu, biashara yangu samaki, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla lami ya kutoka Garsen haijafika, masika yakianza tulikuwa tumekwisha. Gari limekwama topeni huko Witu, nasi tumekaa Mokowe na makasha ya changu na tewa, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika mpaka kwenye ndara. Mnunuzi akija anafunua shavu la samaki, anaguna, anataja bei yake. Utabisha na nini? Siku hizi samaki wa alfajiri jioni yupo Mombasa.

Ila usidhani kujenga tu kunatosha. Bandari yetu pale Kililana ilifungua gati la kwanza Mei 2021, na mpango ni magati 23. Miaka ya mwanzo meli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, maana shehena inataka njia ya kwenda Isiolo hadi Ethiopia, na reli iliyoahidiwa mpaka leo ni ya kwenye ramani. Meli zilikuwa chache kwa kuwa hakuna reli; reli haikujengwa kwa kuwa hakuna shehena. Ndio kuku na yai lako hilo!

Halafu kuna wavuvi waliopoteza maeneo yao bahari ilipochimbwa kujenga bandari hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Hiyo nayo itie kwenye hesabu yako.