Jibu: Nili inachujuka kwenye uzi wa pamba
Habari ndugu. Unasema uzi umelowa kwenye nili (rangi ya buluu ya kutia nguo) usiku kucha, bado unachujuka, na unauliza viwanda vya zamani viliwezaje kuifanya rangi ishike kwa mashine.

Kwanza tazama maji ya pipa la rangi. Yakiwa ya buluu badala ya manjano-kijani, nili haijayeyuka, itakaa juu juu tu.

Halafu acha kuloweka sana. Kiwanda cha kitambaa cha jinzi cha White Oak, Greensboro, Marekani, kilikusanya nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa) kuwa kamba ndefu: zikachovywa kidogo, zikakamuliwa na roli, zikapandishwa hewani zigeuke buluu, zikarudi pipani, mara kadhaa. Nami hufuata mpangilio huohuo kwa mkono. Kamua kwa nguvu! Maji ya ziada hugandisha rangi nje ya uzi, na hiyo ndiyo inayochujuka.