Laptopu kutoiona memori kadi kwenye menyu ya kubuti
Mkuu, unayeuliza kwa nini laptopu haiioni memori kadi unayotaka kubuti nayo (kuwashia mfumo kutoka kwenye kadi), kadi yako haina shida, shida ni hilo tundu la kadi la pembeni. Laptopu nyingi wameliunga kwenye PCI Express (njia ya ndani ya mashine) na BIOS, ile programu inayoamka kwanza ukiwasha, haina draiva yake, ndo maana ukiwa ndani ya Windows kadi unaiona vizuri tu ila ukiwasha ukabonyeza F12 haipo kwenye orodha kabisa. Itoe, iweke kwenye kadi rida ya USB, zile ndogo wanazouza mafundi simu, halafu washa tena, itatokea kama flashi ya kawaida. Yalinikuta haya, nikaiandika kadi upya mara tatu usiku mzima nikidhani ni feki, kumbe ilikuwa tundu tu.

Ila zipo laptopu ambazo tundu lao kwa ndani limepita njia ya USB, hizo zinabuti moja kwa moja, kwa hiyo mwenzako akisema yake inakubali hakudanganyi.

Na kama uliburuta tu faili la ISO (lile lenye mfumo mzima wa kusakinisha) ukalipesti kwenye kadi haitawaka hata ukeshe, lazima uiandike kwa programu kama Rufus au balenaEtcher (hapo vyote vilivyomo vinafutika, toa picha zako kwanza). Kadi ikionekana mara mbili kwenye orodha chagua ile yenye neno UEFI (BIOS ya kisasa) mbele kama diski yako ni GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski), na ikikataa kwa kulalamika Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usiosainiwa kuwaka) nenda kaizime kwenye BIOS, hasa kama ni Linux ambayo haijasainiwa.