Re: Riba imepanda, mbona bei za nyumba hazishuki? Nisubiri?

Mkuu, bei zimeganda kwa sababu waliokopa zamani kwa riba ndogo isiyobadilika hawataki kuuza. Wakiuza, nyumba inayofuata watainunua kwa riba ya leo. Kwa hiyo wanunuzi wamepungua, na nyumba sokoni nazo zimepungua.

Wewe angalia rejesho kuliko bei. Chukua mkopo wa 100,000 wa miaka 30: kwa riba ya 4% unalipa kama 477 kwa mwezi, kwa 7% ni 665. Na katika hiyo 665 ya mwezi wa kwanza, 583 ni riba tupu, deni lenyewe linapungua 82 tu. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu kusubiri, riba ikishuka na wenzako wote waliokuwa wanasubiri wataingia sokoni, mtagombania nyumba zilezile. Mimi ningenunua sasa kama rejesho la leo nalimudu bila kujibana, halafu riba ikishuka nihamishie mkopo benki nyingine. Ila kabla hujasaini, soma kipengele cha faini ya kumaliza mkopo mapema. Dalali hatakukumbusha hicho.