Jibu: Kuogelea na watoto Bukavu wakati wa kiangazi

Jambo dada. Umeuliza kama mwezi wa saba, ukitoka Lubumbashi na watoto kwa vakansi, mnaweza kuoga katika Ziwa Kivu bila hatari, na kama kutakuwa na baridi.

Cha kwanza kuangalia ni ukingo wenyewe, kabla ya mtoto kuvua viatu. Kivu si ziwa la mchanga unaoteremka polepole. Mahali pengi unapiga hatua mbili tatu, chini hakuna tena, na katikati kina chake kinapita mita 450. Mimi huingia peke yangu kwanza, napima kwa miguu, halafu nawaonyesha watoto mpaka wa kusimama. Mtoto wa dada yangu aliteleza kwenye jiwe mbele ya macho yangu. Tulimshika, lakini tangu siku hiyo simwachi mtoto yeyote majini bila mtu mzima pembeni.

Nendeni asubuhi. Mchana upepo huamka na mawimbi pia.

Baridi? Tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, basi jua linachoma lakini jioni sweta ni lazima. Vumbi nalo ni jingi, milima ya ng'ambo huonekana kama moshi.

Usiku msikose kukaa nje muone taa za wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zikitapakaa majini. Kesho yake mzinunue zikiwa mbichi, mzikaange na chumvi tu, mle na bugali. Watoto wangu huanza kuziulizia tangu mwezi wa tano.

Kwa mashua ya kwenda Idjwi, kisiwa cha ziwani, sijawahi kuvuka na wadogo. Muulize aliyewahi.