Mshale ulianza kushuka tangu Bahari Beach

Mimi ni rubani wa ridhaa. Hakuna anayenilipa kuruka, mimi ndiye ninayelipa. Siku za kazi niko Kariakoo nauza vipuri vya magari, na mara moja au mbili kwa mwezi, mfuko ukiruhusu, nakodi Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, kwa saa na kwenda kuzunguka Bagamoyo, au navuka Unguja na kurudi. Vijana wanaonifuata dukani wakitaka kujua urubani huuliza bei kabla ya kitu kingine. Bei ni kubwa, tusizungushane. Kwa hiyo ushauri huu ni wa mtu ambaye saa zake za angani ni chache, na mengi anajifunza akiwa chini: asubuhi akitazama mawingu, usiku akitazama video sebuleni.

Nianze na asubuhi. Ninakaa Segerea. Kabla ya chai napanda juu ya paa na kutazama upande wa Posta. Maghorofa marefu ya mjini yakionekana hadi kingo, najua mwonekano umevuka kilomita 10. Yakiwa kama picha iliyopigwa kupitia kioo cha bafuni, sina haraka ya kwenda popote. Halafu naangalia moshi wa jirani yetu anayekaanga maandazi. Alfajiri moshi huo hujikokota kuelekea baharini, kwa sababu nchi kavu imepoa usiku kuliko maji. Jua likishapanda, ardhi inapata moto, upepo unageuka na kuanza kutoka baharini. Nikiona moshi umesimama wima haujui uende wapi, nafahamu mgeuko uko karibu. Ni jambo dogo, ila limenifundisha kwa nini mwalimu wangu alikuwa hataki nichelewe: kati ya saa moja na saa nne hewa ya Dar imetulia, na baada ya hapo mawingu ya mafungu yanaanza kujipanga juu ya vilima vya Pugu na Kisarawe, na ndege ndogo inatikisika kama daladala ya barabara ya vumbi.

Baada ya paa ndipo nafungua simu na kusoma taarifa ya uwanja. Tuseme imeandikwa hivi: HTDA 180500Z 03008KT 9999 FEW020 29/24 Q1011. HTDA ni Uwanja wa Julius Nyerere. Tarehe 18, saa 0500 ya Zulu, yaani saa ya kimataifa marubani wote wanayotumia. Upepo unatoka digrii 30, kwa kasi ya noti 8. Mwonekano ni kilomita 10 au zaidi, mawingu machache kwenye futi 2,000, joto nyuzi 29, kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kuwa matone) 24, mgandamizo wa hewa 1011. Hiyo saa ya Zulu huwasumbua wanaoanza, lakini sisi Waswahili tuna njia ya mkato ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote: chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu. Saa mbili asubuhi ni 0500. Saa nane mchana ni 1100. Saa kumi na mbili ya alfajiri ihesabu kuwa sifuri, utapata 0300. Za usiku zinataka uongeze kumi na mbili nyingine, lakini rubani wa ridhaa usiku anatafuta nini huko juu?

Katika mstari ule wanafunzi wengi hukimbilia upepo na mawingu. Mimi siku hizi macho yangu yanaanzia 29/24. Tofauti ya joto na kiwango cha umande ikiwa ndogo, hewa imejaa maji, na Dar hewa imejaa maji karibu mwaka mzima. Tunalijua jambo hili kwa shati linaloganda mgongoni na chumvi inayogoma kutoka kwenye kichupa. Tulisahaulo ni kwamba injini nayo inavuta hewa hiyohiyo.

Sasa nieleze kilichonipata. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, kaskazi imetulia, anga safi kabisa. Nilikuwa na mke wangu kiti cha mbele, binti yetu kiti cha nyuma, tunakwenda kuona Bagamoyo kwa juu. Nilipunguza nguvu ya injini ili tusipite haraka, wapate kuona. Nikawa mwongoza watalii: ile ni Mbudya, ile pale Bongoyo tumeiacha nyuma, yale mashua ni ya Kunduchi. Tukiwa hatujafika Mapinga injini ikakohoa. Mara moja, kama mzee anayesafisha koo. Nikavuta kishikio cha joto la kabureta, kinachopeleka hewa ya moto pale hewa na petroli vinapochanganyika. Injini ikazidi kuishiwa nguvu, ikatetemeka vibaya, mke wangu akanishika mkono wa kulia (usimshike rubani mkono wa kulia), kisha baada ya sekunde chache ambazo mimi nilizihesabu kama robo saa, ikanyooka na nguvu ikarudi yote.

Ilikuwa barafu. Ndiyo, barafu, Dar es Salaam, Februari. Ndani ya kabureta hewa hupita kwenye koo jembamba kwa kasi, na petroli inayorushwa humo inageuka mvuke. Mambo yote mawili hula joto. Hewa inaweza kupoa nyuzi 20 na zaidi. Ukitoa 20 kwenye 28 umebaki na 8, na siku mbaya unashuka chini ya sifuri, unyevu unaganda kwenye kuta na kwenye kilango cha hewa, hasa ukiwa umepunguza nguvu na kilango kimefungwa nusu. Anayeruka nyanda za juu siku kavu anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana nayo. Sisi wa pwani ndio wenyewe. Na ukivuta joto, usishtuke injini ikizidi kuwa mbaya kwanza: inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Kosa la kuua ni kurudisha kishikio kwa woga. Acha, subiri.

Nilirudi nyumbani nikiwa shujaa. Nikawasimulia ndugu kwamba niliona dalili papo hapo, nikachukua hatua papo hapo.

Jumapili jioni tukakaa sebuleni kutazama video. Nilikuwa nimefunga kamera ndogo katikati, nyuma ya viti, inaona vioo na saa zote za vipimo za mbele. Tukafika dakika ya 14. Mimi kwenye video nazungumza, nanyoosha kidole, nacheka. Binti yangu, wakati huo yuko kidato cha pili na hajui lolote kuhusu injini, akasema, “Baba, huo mshale mbona unashuka?” Nikamuuliza upi. Akasogea na kuugusa kwenye TV. Ulikuwa mshale wa mizunguko ya injini. Tulianza kwenye 2,300. Akarudisha nyuma, akapeleka mbele, akarudisha tena. “Umeanza kushuka tangu Bahari Beach.” Injini ilikohoa dakika ya 18, mshale uko 2,050. Dakika nne nzima ushahidi ulikuwa mbele ya pua yangu nami nasimulia habari za mashua.

Mke wangu hakusema neno. Alikwenda jikoni.

Tangu siku ile sijawahi kuruka bila kamera, na ndio ushauri wangu mkubwa kwa yeyote mwenye saa chache: jirekodi, ujitazame. Kumbukumbu ya rubani ni wakili wake mwenyewe, itamtetea kwa lolote. Kamera iwe ndani, imefungwa imara mahali ambapo ikichomoka haitaangukia pedali wala usukani. Nje ya bawa usibandike kitu bila ruhusa ya mafundi wenye mamlaka. Iwashe kabla ya kuwasha injini na usiiguse tena hadi umezima. Nimeona watu wanapindisha shingo kuangalia kama taa nyekundu inawaka huku wako kwenye mkondo wa kutua. Huyo afadhali angebaki nyumbani.

Kutazama nako kuna adabu yake. Mara ya kwanza naondoa sauti, kwa sababu sauti yangu inanidanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Mara ya pili nasikiliza sauti peke yake: je, nilirudia maelekezo ya mnara kamili, au nilisema “sawa” ya kuvunga? Na kila nikiweza naketi na mtu asiye rubani. Rubani mwenzako atakuelewa haraka mno, atakusamehe. Mtoto atauliza mbona mshale unashuka.

Kingine: kila video naipa jina kwa tarehe, na ndani ya folda naweka taarifa ya hali ya hewa ya saa ileile, neno kwa neno. Hapa ndipo video za nyumbani zinapogeuka shule ya mawingu. Nilikuwa nasoma “SCT018” kama mtoto anayekariri Kurani bila kujua maana. Sasa nimeiona mara kumi kwenye TV yangu. Najua mawingu ya futi 1,800 yaliyofunika zaidi ya robo hadi nusu ya anga yanafananaje ukiwa umetoka Kipawa unaelekea pwani, na kwamba kwa mtu anayetakiwa kubaki futi 1,000 chini ya wingu, nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko inavyosikika masikioni. Najua kilomita 5 za mwonekano, ambazo kisheria zinatosha, zinavyotisha juu ya maji, pale bahari na anga vinapokuwa rangi moja na huoni mstari kati yake.

Kuhusu upepo, mwalimu wangu wa pili ni nahodha mmoja mzee wa pale Feri. Nilimwamkia siku moja nikinunua samaki, tukazungumza, akajua narusha ndege. Akaniuliza, “Kaskazi mnaipenda?” Nikamwambia tunaipenda, njia yetu kubwa ya kurukia ni 05/23, yaani imeelekea digrii 50 upande mmoja na 230 upande wa pili, kaskazi inakuja karibu usoni moja kwa moja. “Na kusi?” Nikacheka. Kusi hutupiga ubavuni. Kiwanda kilichotengeneza Cessna 172 kilionyesha kwamba inatulika kwenye upepo wa ubavuni wa noti 15, na mimi mpaka wangu nimeuweka 10. Mzee akatikisa kichwa. “Hizo zote zina adabu. Ogopa tanga mbili.” Alikuwa na maana ya kile kipindi cha kati, pepo zinapobadilishana zamu, upepo hauna mwenyewe. Nilikwenda kuangalia video zangu: kutua kwangu kubaya kuliko kote ni kwa mwishoni mwa Machi na kwa Novemba. Hata kimoja hakikuwa cha Julai, mwezi ambao nilikuwa nikiuogopa. Siku hizi kipindi hicho naruka na mwalimu pembeni, au siruki. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, mjadala umekwisha. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Mafia, sikwenda uwanjani hata kutazama kamba zilizofunga ndege.

Unyevu tena, kwa ufupi, kwa sababu unaingia hata kwenye tangi. Tangi lililolala nusu tupu linatoa jasho ndani usiku. Asubuhi unachota mafuta kidogo kwa chini na kuyainua kwenye mwanga: petroli ya ndege ni ya bluu, maji yanakaa chini kama jicho la kioo lisilo na rangi. Mara moja nilichota kikombe kikawa safi kabisa, hakuna jicho. Nikaridhika. Fundi akaniuliza, “Bluu iko wapi?” Kikombe chote kilikuwa maji.

Unguja nayo, neno moja. Kwa futi 3,000, injini ikizima, Cessna 172 itateleza kama kilomita 8. Mkondo kati ya bara na kisiwa ni mpana kilomita 36 hivi pale unapobana. Piga hesabu mwenyewe, kisha panda juu zaidi na uvae jaketi la kujiokoa ukiwa bado chini. Chini ya kiti halikusaidii.

Unyevu huohuo ndio ulionipeleka kwenye mikanda ya marehemu baba. Alikuwa na kamera ya VHS, mali ya thamani mtaani enzi hizo, na alirekodi kila kitu: harusi, maulidi, kuku. Mikanda ilikaa kwenye kabati miaka mingi. Nilipoitoa ilikuwa imeota ukungu mweupe pembezoni, kama unga wa muhogo. Fundi mmoja aliisafisha kwa mkono, akaokoa minne kati ya saba. Mwenye mikanda nyumbani asisubiri. Usiuweke mkanda wenye ukungu kwenye deki kwanza “kujaribu”, utachanika na kuiambukiza deki. Hamishia kwenye diski mbili, uziweke nyumba mbili tofauti.

Mmoja kati ya ile minne ni wa siku tuliyomsindikiza mjomba uwanja wa ndege, anakwenda kusoma ng'ambo. Hauna tarehe. Tuliutazama Jumapili iliyopita, ukoo mzima sebuleni. Shangazi akasema ilikuwa Julai, anakumbuka. Mimi nikamwambia, shikamoo shangazi, lakini haiwezekani: ndege imeruka kuelekea mjini, na khanga ya mama inapepea kuelekea Pugu. Hiyo ni kaskazi. Labda Desemba, labda Januari. Shangazi akasema mimi wakati huo nilikuwa naburutwa mkono nalia, nitajuaje. Nikainuka kwenda kuwaonyesha mawingu ya nyuma ya jengo, yalivyo madogo na makavu, nikawa nimeziba nusu ya TV.

“Kaa chini,” mama akasema. “Hapo ndipo baba yenu anaongea.”