Dramu za 1,039 sio za Tré Cool
Hapana mkuu, umesema Tré Cool ndiye kapiga dramu kwenye 1,039/Smoothed Out Slappy Hours, CD ya bendi ya rock ya Green Day, ila anayepiga humo ni John Kiffmeyer, yule waliyekuwa wanamwita Al Sobrante, Tré Cool kaja baadae na albamu yake ya kwanza na hao jamaa ni Kerplunk. Watu wanachanganya sababu CD ilitoka 1991 ila vilivyomo ndani ni vya nyuma kidogo, yaani albamu ya 39/Smooth yote wakabandika na zile EP (rekodi fupi) mbili, Slappy na 1,000 Hours, hata jina wamelichomelea humohumo. Ila kama ulimaanisha Shenanigans ya 2002, ile ya nyimbo zilizobaki nje ya albamu, hapo sawa ni Tré.