Kwa mchungaji mpya: mwaka wa kwanza, mwache mwinjilisti atangulie

Kila wachungaji wapya wanapobarikiwa, wawili au watatu kati yao hunijia wakiuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: nianzie wapi? Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa kuwa wametoka chuoni na madaftari yaliyojaa mipango. Nawaambia wamtafute mwinjilisti waliyemkuta usharikani, wamwache atangulie kwa mwaka mzima, na wao wafuate nyuma yake wakiangalia. Mimi sikufanya hivyo. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyojifunza kwa kuchelewa.

Nimezaliwa Mlalo, juu milimani Usambara, mahali ambapo mzee yeyote atakukumbusha kwamba chuo cha theolojia cha Makumira kilianzia kwetu Lwandai mwaka 1947 kabla ya kuhamishiwa Meru mwaka 1954. Nilikua nikiamini kwamba Ulutheri wa Tanga naufahamu wote, kwa sababu wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, walifika pwani mwaka 1890 na mwaka uliofuata walikuwa tayari milimani kwetu. Nilipobarikiwa na kupangiwa usharika wa nyanda za chini, katika ukanda wa mkonge kati ya Muheza na Pangani, nilijiona ninakwenda kwa ndugu, maana Kisambaa na Kibondei vinasikilizana.

Nilichokikuta ni kingine. Katika mitaa mitano ya usharika ule, yaani vituo vyake vidogo vya ibada, miwili ilikuwa ndani ya kambi za mkonge, na washarika wake wengi walikuwa wajukuu wa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Njombe, Songea na Kigoma enzi za mkoloni. Wabena miongoni mwao walikuja na Ulutheri wao tangu kwao, na namna yao ya kuimba na ya kumwaga machozi msibani haikufanana na ya Mlalo. Mtaa wa pwani ulikuwa na familia kumi na moja tu za Kikristo zilizoishi katikati ya Waislamu, wengi wao wakiwa ndugu wa damu. Mimi nilikuwa na kola mpya, joho jeupe na pikipiki. Mwinjilisti alikuwa na baiskeli, na alikuwa amezika watu katika mitaa yote mitano kwa miaka ishirini na mbili.

Kwa utaratibu wetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mwinjilisti huongoza ibada, hufundisha kipaimara, hutembelea wagonjwa na kufariji wafiwa, na katika mitaa ya mbali yeye ndiye kanisa kwa wiki nzima. Mchungaji hufika siku ya ubatizo, siku ya ndoa na siku ya Chakula cha Bwana. Kwa hiyo mtu mwenye mamlaka makubwa zaidi madhabahuni ndiye anayewajua watu kwa uchache zaidi, na hali hiyo haiishi siku ya kuingizwa kazini, hata askofu akikuwekea mikono miwili.

Jumapili yangu ya kwanza nilihubiri kwa dakika hamsini juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Nilieleza neno la Kiyunani, nikaeleza na mzizi wake. Baada ya ibada, mnada wa sadaka ulikosa wanunuzi. Machungwa, kuku wawili na mkungu wa ndizi vilibaki mezani kwa sababu watu walikuwa wameshaondoka kuwahi shughuli zao. Mwinjilisti alinunua kuku mmoja kwa bei aliyojipangia mwenyewe, kisha akaniambia taratibu, “Mchungaji, neno lilikuwa zuri. Ila yule mama wa kiti cha pili amefiwa Alhamisi, na hukumtaja.” Sikuwa nikijua, na sikuwa nimeuliza. Martin Luther mwenyewe aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 baada ya kuzungukia sharika za Saksonia na kuona jinsi watu, na baadhi ya wachungaji wao, walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi. Alikwenda kwanza, akaandika baadaye. Mimi nilikuwa nimeandika kabla ya kwenda popote.

Tangu siku hiyo nina mazoea ambayo namwomba kila mchungaji mpya ayaige: jioni ya Jumamosi, kabla ya kuigusa hotuba, mpigie mwinjilisti na umwulize, mtaa kwa mtaa, nani amelazwa, nani amefiwa, nani amejifungua, nani ameacha kuja. Dakika ishirini za simu zinatosha. Mara nyingi hotuba hujikata yenyewe baada ya hapo, na ikifikia dakika ishirini hakuna atakayelalamika.

Kosa lililoniuma kuliko yote lilikuwa la nidhamu ya kanisa. Katika mwezi wangu wa nne, vijana wawili waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa ya kanisani waliomba mtoto wao abatizwe. Nilifungua kanuni nilizozihifadhi vizuri, nikaona kwamba wazazi wanapaswa kurudi kundini kwanza, na Jumapili iliyofuata nikayataja majina yao mbele ya usharika pamoja na sababu. Sikumwuliza mtu. Laiti ningemwuliza mwinjilisti, angeniambia kwamba yule kijana alikuwa akilipa mahari kwa mafungu kutokana na ujira wa kukata mkonge, kwamba lilibaki fungu moja, na kwamba tarehe ya kutangaza ndoa ilikwisha kuzungumzwa kati yake na wazee wa pande zote mbili. Binti hakuonekana tena kanisani kwangu. Nilimfuata nyumbani mara tatu; mara mbili alinikaribisha chai na kunijibu kwa adabu zote, mara ya tatu mama yake alitoka peke yake akasema amesafiri. Kanuni haikuwa na kosa, na sisemi ziwekwe kando. Nasema kwamba hakuna jina linalopaswa kusomwa madhabahuni kabla hujaketi kwenye mkeka wa mwenye jina hilo, na kabla mwinjilisti hajakueleza lile ambalo mwenye jina hawezi kulisema mwenyewe.

Msiba ulinifundisha zaidi, na hapa wachungaji wanaotoka milimani wasikilize. Alifariki mzee mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, Mlutheri ambaye kaka zake wote ni Waislamu. Kaburi lilichimbwa na majirani Waislamu tangu asubuhi. Mimi nilifika saa nane na kwaya mbili, na ratiba niliyoiandaa mwenyewe: wasifu wa marehemu, salamu za wazee, salamu za umoja wa wanawake, nyimbo, mahubiri, shukrani. Saa kumi ilikaribia tukiwa bado kwenye salamu. Wachimba kaburi walikuwa wamesimama juani na majembe yao, sala ya alasiri inawadia. Kaka mkubwa wa marehemu alinisogelea, akasubiri nimwamkie, nami nikamwamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Padri, mwanangu, maiti hacheleweshwi.” (Pwani wengi huwaita wachungaji mapadri. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiwasahihisha. Niliacha, kwa kuwa hakuna aliyenisikiliza na wote walikuwa wakinisalimu vizuri.)

Nilikatisha yaliyobaki na tukazika. Usiku ule mwinjilisti alinipeleka kwa yule mzee tukakaa naye mpaka saa nne, na huko nikajifunza utaratibu ambao hakuna darasa lililonipa. Ukiitwa kwenye msiba wa familia iliyochanganyika, nenda jioni ya kabla ya mazishi, vua viatu, keti. Uliza nani anachimba, nani wa upande wa pili angependa kusema neno, na wanataka maiti awe amefika kaburini saa ngapi. Kisha ipange ibada ndani ya muda huo, si muda ndani ya ibada yako. Salamu ndefu zihamie siku ya kumaliza matanga. Ninavyoona mimi, ibada ya mazishi inayozidi saa moja pwani huihubiria kwaya tu.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana kila semina huyarudia. Usishike sadaka kwa mkono wako, hata ukiwa na haraka ya kweli. Mimi niliwahi kuchukua sadaka ya mtaa mmoja kununulia tairi la pikipiki ya usharika, tairi lililohitajika kweli, nikamwambia mtunza hazina siku mbili baadaye. Baraza la wazee lilinielewa. Lakini ilinibidi niketi mbele yao nikieleza tairi kwa saa nzima, na mzee mmoja aliomba kuliona. Jua pia kwamba katika kambi za mkonge sadaka hupanda shamba likilipa na kushuka likichelewa, nawe posho yako hufuata vivyo hivyo. Mwenzi wako alielewe hilo kabla hamjafunga mizigo.

Nyumba ya mchungaji haina mlango. Watu hubisha alfajiri kwa jambo linaloweza kusubiri mchana, na wengine hubisha mchana kwa jambo lililopaswa kuletwa alfajiri. Mke wangu ndiye aliyeanzisha desturi ya kuweka birika la chai na mbaazi za asubuhi barazani, anayefika akae kwanza. Wengi wakishakunywa husema lile jambo lenyewe, ambalo si lile walilotumwa nalo.

Huenda utajiuliza kama mwinjilisti naye hakosei, au hatumii miaka yake kukubana. Wapo wa namna hiyo. Wangu alikuwa na wapenzi wake, na mtaa mmoja aliupendelea waziwazi. Tulibishana juu ya hilo zaidi ya mara moja, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na kamwe si mbele ya wazee. Kuongozwa na mtu si kukubali kila asemalo.

Safari yangu ya kwanza ya Chakula cha Bwana kwenye mtaa wa pwani, nilifungua mkoba mbele ya washarika nikakuta nimesahau mkate nyumbani, kilomita thelathini nyuma. Nilimtazama mwinjilisti. Alifungua mfuko wa plastiki alioufunga kwenye baiskeli, akatoa kopo la mkate na chupa ndogo ya divai, akaviweka mezani bila kunitazama, kisha akaanzisha wimbo wa maandalio. Sasa amestaafu, anaishi Muheza kwa mwanawe, na mimi nimehamishwa mara mbili. Kila Alhamisi Kuu, kabla jua halijachwa, simu yangu huita. Hasalimii sana. Huuliza kama mkate umo mkobani.